Seremala wa Cork: William Ford na Familia Yake Huko Dearborn, Michigan



Jina la Ford halihitaji kutambulishwa popote penye barabara, lakini anayefahamika ni Henry, mwenye kiwanda cha magari. Jioni ya leo nitazungumza juu ya baba yake, William Ford, seremala aliyezaliwa mwaka 1826 katika Kaunti ya Cork, kusini mwa Ireland. Mwaka 1847 alihamia Marekani, akaweka makazi Dearborn, mji mdogo katika jimbo la Michigan, akalea familia huko na kufariki mwaka 1905. Henry nitamwita mara kwa mara kama shahidi, na mara nyingine ushahidi wake nitaupinga.

Hoja yangu ni hii. Tumezoea kusimuliwa habari za mhamiaji aliyeshuka melini mikono mitupu, akapanda hadi juu kwa jasho lake peke yake. Maisha ya William Ford yanaonyesha kwamba jasho lilikuwepo, tena jingi, lakini lilizaa matunda kwa sababu tatu: alikuwa na jamaa waliotangulia, alikuwa na ufundi mkononi, na alikuta sheria iliyomruhusu mtu wa aina yake kumiliki ardhi. Nitazipitia sababu hizo. Kisha nitaonyesha jinsi mwanawe, alipotajirika, alivyozisahau, na jinsi usahaulifu huo ulivyowaelemea wahamiaji wengine.

Njaa na bahari

Katika Ireland ya miaka ya 1840 mkulima mdogo aliishi kwa viazi. Hakuvichagua kwa kuvipenda. Ardhi nzuri ilikuwa ya wenye mashamba, wengi wao wenye asili ya Uingereza, na nafaka na ng'ombe waliotoka humo walikwenda kulipia kodi ya pango. Kilichobaki kwa mpangaji ni kipande kidogo, na zao lililoweza kulisha nyumba nzima katika kipande hicho lilikuwa kiazi. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa bakajani chelewa, uleule ambao wakulima wa viazi wa Njombe na Nyandarua wanaupigia dawa hadi leo. Wakati ule dawa haikuwepo. Majani yalinyauka, viazi vikaoza ardhini, na mwaka uliofuata hali ikawa mbaya zaidi.

Mwaka 1841 Ireland ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 8. Mwaka 1851 walikuwa milioni 6 na nusu. Karibu milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja walihama. Magharibi mwa Kaunti ya Cork ni miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Mji wa Skibbereen ulijulikana Ulaya nzima kwa makaburi yake ya halaiki. Familia ya Ford iliishi Ballinascarthy, karibu na Clonakilty, upande huohuo wa kaunti.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo hadithi za kawaida zinapoanza kupotoka. Akina Ford walikuwa wapangaji, lakini hawakuwa maskini wa mwisho. Walikuwa Waprotestanti katika nchi ya Wakatoliki, jambo lililowapa nafuu fulani mbele ya dola ya Uingereza. Waliweza kulipa nauli ya watu wengi kwa pamoja: John Ford, mkewe Thomasina, watoto wao saba ambao William alikuwa mkubwa wao, na mama yake John, bibi mzee aliyeitwa Rebecca. Maskini wa mwisho hakupata nauli. Huyo alifia kwake, au alifia njiani akielekea kwenye nyumba za kulelea mafukara.

Nafuu hiyo haikuwakinga na bahari. Mwaka 1847 wahamiaji wengi walipitia Kanada, kwa sababu nauli ya huko ilikuwa rahisi. Meli zilizoleta mbao Uingereza zilirudi tupu, na wenye meli waliona heri kujaza watu kuliko kujaza mawe ya kuiwekea meli uzito. Watu walirundikwa katika ngama iliyojengwa kwa ajili ya magogo, maji machache, choo hakuna, na homa ya chawa ikaenea. Katika kisiwa cha Grosse Île, kwenye Mto St. Lawrence, palikuwa na kituo cha karantini. Mwaka huo peke yake walizikwa pale watu zaidi ya 5,000. Thomasina Ford naye hakufika Michigan. William aliingia Marekani akiwa na umri wa miaka 20, mtoto mkubwa wa mgane mwenye watoto saba.

Waliotangulia

Kwa nini Michigan? Mwaka 1832, miaka 13 kabla ya viazi kuoza, ndugu wawili wa John, Samuel na George, walikuwa wameshahamia karibu na Dearborn. Mfereji wa Erie ulikuwa umefunguliwa mwaka 1825 na kurahisisha safari kutoka New York hadi Maziwa Makuu, na serikali ya shirikisho iliuza ardhi ya umma kwa dola 1.25 kwa ekari. Waliofika wakati huo walikuta msitu na upweke, lakini pia walikuta bei ambayo haikurudi tena. John alipofika mwaka 1847 hakuwa na haja ya kuuliza alale wapi. Nduguye alikuwa na nyumba, alijua udongo upi unafaa, na alijua nani anauza.

Aliyeuza alikuwa Henry Maybury, naye mtu wa Cork. Mapema mwaka 1848 John alinunua kwake ekari 80 kwa dola 350. Pigeni hesabu: ni zaidi ya dola 4 kwa ekari, mara tatu na ushei ya bei ya serikali ya miaka ya 1830. Baadhi ya miti ilikuwa imeshakatwa, lakini deni lilikuwa deni. Hapo ndipo ufundi wa William ulipohitajika, na nitaurudia baada ya muda mfupi.

Naomba mlishike jina la Maybury, maana litapita katika habari hizi kwa miaka 50. Mwaka 1861 William alipooa, harusi ilifanyika Detroit nyumbani kwa Thomas Maybury, rafiki wa familia tangu Cork. Mwaka 1897 mtoto wa Thomas, William Maybury, alishika umeya wa Detroit. Mwaka 1899, Henry Ford alipohitaji watu wa kuweka fedha katika kampuni yake ya kwanza, Detroit Automobile Company, meya huyo alikuwa mmoja wao. Kampuni ile ilikufa, lakini jambo ninalotaka kulionyesha liko hai: gari la Henry lilipata sehemu ya mtaji wake wa mwanzo kutoka katika ujirani wa Kaunti ya Cork.

Hali haikuwa hivyo kwa kina Ford peke yao. Waireland wa Marekani walituma fedha kwao kwa wingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1850 fedha hizo zilipita pauni milioni 1 kwa mwaka. Sehemu kubwa ilikuwa nauli iliyolipwa kabisa, ili anayefuata apande meli. Mtu alimvuta dada yake, dada akamvuta mchumba, mchumba akamvuta mama. Detroit yenyewe ina mtaa wa zamani uitwao Corktown, uliopata jina kwa waliotoka kaunti hiyo. Mwenye ndugu mjini hakosi pa kuanzia, na hilo watu wa pwani yetu na wa bara hawahitaji kufundishwa na mhadhiri.

Vifaa vya useremala

Sasa tuje kwenye ufundi. William alikuwa seremala, na seremala katika Michigan ya wakati ule alikuwa na bahati kuliko mafundi wengi. Kwao Ireland nyumba ya mkulima ilijengwa kwa mawe au udongo na kuezekwa kwa nyasi, na mbao zilikuwa adimu. Michigan ilikuwa msitu: mialoni kusini, misonobari isiyo na mwisho kaskazini. Miaka ya 1830 katika eneo la Chicago ulienea ujenzi mpya. Badala ya boriti nene zilizochongwa kwa tezo na kuunganishwa kwa ndimi na matundu, kazi iliyohitaji mafundi wengi na watu wa kunyanyua, nyumba zilianza kujengwa kwa mbao nyembamba zilizopasuliwa kiwandani, za mbili kwa nne, zilizopigiliwa misumari ya mashine. Fundi mmoja na msaidizi wake waliweza kusimamisha fremu ya nyumba kwa siku chache. Msumeno, nyundo, randa, patasi na kekee vilitosha kumpa mtu kazi katika kila kijiji kilichokuwa kikichipuka.

Na vijiji vilikuwa vikichipuka kwa sababu ya reli. Mwaka 1846 jimbo la Michigan, lililokuwa limelemewa na madeni, liliiuza reli yake ya kati kwa wawekezaji wa Boston kwa dola milioni 2. Kampuni hiyo mpya, Michigan Central, ikaanza kusukuma njia kuelekea magharibi, na mwaka 1852 treni zake ziliingia Chicago. Reli huonekana kama kazi ya chuma, lakini chuma chake kililala juu ya mataruma ya mbao, kikavuka madaraja ya mbao, kikasimama kwenye stesheni, maghala na matangi ya maji yaliyojengwa kwa mbao. William aliajiriwa huko kama seremala. Shamba la baba yake lilikuwa la visiki na halikuweza kutoa fedha taslimu mara moja. Mshahara wa reli uliweza. Deni la ekari 80 lililipwa kwa sehemu kubwa kwa mikono ya mtoto aliyekuwa mbali na shamba.

Haya ndiyo maisha ya mafundi wengi wahamiaji wa karne ile. Ufundi ulikuwa daraja la kufikia ardhi, na William alipoweza kununua ardhi yake mwenyewe alikuwa mkulima kwanza na seremala pili. Hata hivyo hakuvitupa vifaa vyake. Alijenga nyumba na mabanda yake, alikuwa na karakana shambani, na majirani walimwita walipokuwa na kazi ya mbao.

Ili tuone uzito wa bahati yake, tumweke kando ya fundi mwingine. Patrick Kennedy alitoka Kaunti ya Wexford wakati wa njaa ileile. Naye alikuwa na ufundi: alitengeneza mapipa. Yeye alibaki mjini, East Boston, penye watu wengi, maji machafu na vyumba vya kubanana. Alifunga ndoa na Bridget Murphy mwaka 1849, na mwaka 1858 kipindupindu kikamuua, akiacha mtoto wa kiume wa miezi 10. Bridget alifanya kazi kwa watu, kisha akafungua duka dogo, na kutokana na duka hilo ukoo ukasimama. Kitukuu wake, John, alikuja kuwa rais wa Marekani. Mafundi wawili, kizazi kimoja, njaa moja. Aliyekuwa na ndugu shambani aliishi karibu miaka 80. Aliyebaki bandarini aliishi Marekani kwa takriban miaka 9.

Ardhi ya nani?

Sababu ya tatu ndiyo inayosahauliwa upesi kuliko zote. Ardhi ya kusini-mashariki mwa Michigan ilikuwa ya mataifa ya Waottawa, Waojibwe, Wapotawatomi na Wawyandot. Mwaka 1807, kwa Mkataba wa Detroit, walilazimika kuiachia serikali ya Marekani. Samuel na George Ford waliponunua miaka 25 baadaye, karatasi zilionyesha muuzaji kuwa serikali, na mnunuzi hakuulizwa kuhusu wenyeji wa kwanza. Mpangaji aliyenyimwa ardhi Cork akawa mmiliki mahali ambapo wengine walikuwa wamenyimwa.

Kisha kuna uraia. Sheria ya mwaka 1790 ilitoa uraia wa kuandikishwa kwa mtu huru mweupe tu, na ilikaa hivyo hadi mwaka 1870 milango ilipofunguliwa pia kwa watu wenye asili ya Afrika. Ni kweli kwamba Waireland walidharauliwa. Miaka ya 1850 kiliinuka chama kizima kilichowapinga wahamiaji, hasa Wakatoliki, na kikashinda viti vingi. Lakini mbele ya karani wa mahakama, Mwireland alihesabiwa kuwa mweupe, akaapishwa, akapiga kura, akasajili shamba.

Mwaka 1850, William akiwa na miaka michache tu Michigan, Bunge la Marekani lilipitisha sheria kali ya kuwakamata watumwa waliotoroka, hata katika majimbo yasiyo na utumwa. Detroit iko kilomita kama 16 kutoka Dearborn. Ilikuwa kituo cha mwisho cha waliotoroka utumwa kabla ya kuvuka mto kwa siri na kuingia Kanada. William alikuwa amepitia Kanada kwenda kutafuta uhuru wa ardhi Marekani. Watu weusi walivuka mto wakikimbia kutoka Marekani hiyohiyo kwenda kutafuta uhuru wa miili yao Kanada. Wanafunzi wangu, historia ya mhamiaji mmoja haitimii mpaka mjue pia ni nani aliyekuwa akisafiri kinyume chake katika mwaka uleule.

Nyumba ya Mary

Karibu na Dearborn aliishi Mwireland mwingine, Patrick O'Hern, mzaliwa wa mtaa wa Fair Lane katika mji wa Cork. Yeye na mkewe Margaret hawakuwa na mtoto wa kuzaa. Walimlea yatima, Mary Litogot, aliyezaliwa mwaka 1839. William alikuja kwao kufanya kazi, Mary akiwa bado msichana mdogo; miaka ikapita, na tarehe 25 Aprili 1861 wakafunga ndoa. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilikuwa vimeanza siku 13 kabla. Kaka yake Mary, John Litogot, alijiunga na Kikosi cha 24 cha Michigan na akauawa katika mapigano ya Fredericksburg mwezi Desemba 1862.

William na Mary walikaa pamoja na wazee wa O'Hern katika nyumba ya mbao iliyopakwa rangi nyeupe. Shamba la wazee lilipita mikononi mwa William kwa makubaliano kwamba wao wataishi humo na kutunzwa hadi mwisho wao. Tazameni muundo wa jambo hili: wazee wasio na mtoto wa damu, binti wa kulea, mkwe fundi, na shamba linalohama kwa ahadi ya matunzo. Hapakuwa na pensheni wala bima. Familia yenyewe ilikuwa mfuko wa uzeeni, na mkataba wake uliandikwa kwa ndoa.

Henry alizaliwa tarehe 30 Julai 1863. Baada yake walikuja John, Margaret, Jane, William na Robert. Kazi ya Mary haikuandikwa katika daftari la mshahara, lakini bila yake shamba lisingekwenda: kusindika siagi, kufuma na kushona, kuhifadhi nyama na matunda ya majira ya baridi, kuuguza, na kuwafundisha watoto kusoma kabla hawajapelekwa shule. Henry alisema maisha yake yote kwamba kusoma alifundishwa na mama yake, na kwamba utaratibu na usafi aliodai kiwandani aliuona kwanza jikoni kwake.

Tarehe 29 Machi 1876 Mary alifariki, siku chache baada ya uzazi. Mtoto naye hakuishi. Alikuwa na umri wa miaka 37 hivi. Henry alikuwa na miaka 12, Robert hajafika miaka 3. Nyumba ilishikwa na jamaa wa kike, na Margaret alipokua akabeba jukumu hilo. William hakuoa tena.

Katika mji wake William alikuwa mtu wa kuheshimika. Alitumikia kama hakimu wa amani, alikaa kwenye bodi ya shule, na alikuwa miongoni mwa viongozi wa kanisa la Christ Church, la Waanglikana wa Marekani. Huyu ni mpangaji wa Ballinascarthy, ambaye kwao hakuwa na kauli juu ya shule, mahakama wala shamba. Mafanikio ya mji mdogo ni ya namna hiyo: hayaandikwi magazetini, lakini yanabadili daraja la mtu na watoto wake.

Baba, mwana na hadithi

Mwaka 1922 Henry alitoa kitabu cha maisha yake, *My Life and Work*. Humo baba anaonekana kama mtu wa shamba asiyependa mashine. Henry anaeleza kwamba baba alimwahidi ekari 40 za msitu ikiwa ataacha kuwa fundi mitambo. Kutokana na kitabu hicho, na kutokana na mazungumzo mengine ya Henry, waandishi walijenga picha ya kijana mwenye kipaji anayetoroka kwa baba mgumu.

Aliyeipinga picha hiyo ni dada yake, Margaret, aliyechapisha kumbukumbu zake mwaka 1953, baada ya Henry kufariki. Margaret alimkumbuka baba mwenye karakana, aliyewaruhusu watoto kutumia vifaa vyake. Mwaka 1876, mwaka uleule wa msiba, William alisafiri hadi Philadelphia kwenye maonyesho ya miaka 100 ya uhuru wa Marekani, palipokuwa na mashine kubwa za mvuke, akarudi na kuwasimulia watoto aliyoyaona. Na mwezi Julai mwaka huo, Henry alipoona kwa mara ya kwanza injini ya mvuke ikijiendesha barabarani, akaruka kutoka kwenye gari la farasi kwenda kumhoji mwendeshaji, aliyekuwa ameshika hatamu za gari hilo la farasi alikuwa William.

Mwaka 1879 Henry alikwenda Detroit. Katika hadithi iliyozoeleka anatoroka peke yake. Lakini alilala wapi? Alifikia kwa shangazi yake Rebecca, dada wa William. Alijifunza kazi wapi? Kwenye karakana ya James Flower na ndugu zake, ambao kwa mujibu wa Margaret walikuwa wakifahamiana na baba yao. Alilipwa dola 2.50 kwa wiki, wakati chumba na chakula viligharimu dola 3.50, akafidia pengo hilo kwa kutengeneza saa usiku. Bidii ya kijana hatuikatai. Tunasema tu kwamba bidii hiyo ilikuwa na mlango wa kuingilia, na mlango huo ulijengwa na ukoo.

Sisemi kwamba baba na mwana hawakutofautiana. Henry alipolileta shambani gari lake la kwanza, lililokamilika mwaka 1896, rafiki yake Charles King alikuwepo na alisimulia kwamba mzee alionekana kuona haya kwa mtu mzima kushughulika na kitu kama kile. Inaaminika. Mtu aliyevuka bahari ili apate ekari zake asingeona kwa urahisi kwa nini mwanawe aziache. Lakini tofauti ya mzazi na mtoto haitoshi kumfanya mzazi kuwa kikwazo.

Usahaulifu na gharama yake

Kama habari hizi zingekuwa za familia moja tu, ningeishia hapa. Lakini Henry alikuja kuwa na mamlaka juu ya maelfu ya wahamiaji. Mwezi Januari 1914 alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku. Fedha hizo zilikuwa na masharti. Wakaguzi wa kampuni walikwenda majumbani kwa wafanyakazi kuangalia usafi, akiba, ndoa na unywaji wao. Moja ya mambo yaliyochukiwa na wakaguzi ni kukaribisha wapangaji na wageni wa kulala. Yaani kijana wa Kipoland au wa Kisyria aliyempokea mtu wa kwao nyumbani angeweza kuonekana hastahili, na aliyetunga utaratibu huo ni mtu aliyelala kwa shangazi yake alipoingia mjini.

Kiwanda kilikuwa pia na shule ya Kiingereza. Katika mahafali yake wahitimu waliingia kwenye chungu kikubwa cha maonyesho wakiwa wamevaa nguo za kwao, wakatokea upande wa pili wamevaa suti za Kimarekani na kupeperusha bendera. Ujumbe ulikuwa kwamba asili ni mzigo wa kuvuliwa. Kina Maybury, O'Hern na Ford hawakuwahi kutakiwa kuingia katika chungu hicho. Walikopeshana, walioleana, waliuziana mashamba na kuingizana kazini wakiwa watu wa Cork, na kwa njia hiyohiyo wakawa Wamarekani.

Henry mwenyewe hakuikana Ireland. Mwaka 1912 alikwenda Ballinascarthy kutafuta ilipokuwa nyumba ya mababu. Kasri lake la Dearborn aliliita Fair Lane, jina la mtaa wa mzee O'Hern. Mwaka 1917 alianzisha kiwanda cha matrekta katika mji wa Cork, kikaendelea kuajiri watu hadi mwaka 1984. Mwaka 1919, barabara ilipotishia nyumba aliyozaliwa, aliihamisha na kuirudisha katika hali ya mwaka 1876, akichimbua vipande vya vyombo ili apate sahani zinazofanana na za mama yake. Aliyahifadhi majiko, sahani na kuta. Alichoshindwa kuwaachia wafanyakazi wake ni ule utaratibu wa kupokeana uliozijaza kuta hizo watu.

Hukumu

Je, William Ford alikuwa mtu mkubwa? Alikuwa fundi hodari, mwana aliyelipa deni la baba, mkwe aliyetimiza ahadi kwa wazee, na baba aliyempa mwanawe zaidi ya alivyoshukuriwa. Alifaidika pia na ardhi iliyochukuliwa kwa wengine na uraia walionyimwa wengine. Mizani ya haki inabeba yote mawili kwa pamoja.

Dearborn ya leo ni mji wa watu zaidi ya 100,000, na zaidi ya nusu yao wana asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Wengi wa mababu zao walivutwa na kiwanda cha Ford cha River Rouge, kisha ndugu akamvuta ndugu. Magharibi mwa jimbo hilohilo, Grand Rapids, wanaishi Wakongo wanaozungumza Kiswahili, waliofika kama wakimbizi, na kati yao wako mafundi. Siku moja mtoto wa mmoja wao atatajirika, na waandishi watakuja kuuliza alifanikiwaje.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma historia, na ninyi mtakaoandika habari za watu wetu walioko ng'ambo, msikubali jibu la kwanza. Ulizeni nani alitangulia. Ulizeni alilala kwa nani usiku wa kwanza, ufundi aliupata wapi, sheria ilimruhusu nini na ilimnyima nani. Ulizeni jina la mama na la shangazi. Yaandikeni hayo sasa, wakati wanaokumbuka bado wanaweza kuulizwa, kwa maana mtu akishakuwa maarufu huanza kusimulia kana kwamba alijizaa mwenyewe.